Piga hesabu hadi mahafali: chuo cha serikali au cha kibinafsi?

Nina saiba hapa Kaptembwo, Nakuru: kompyuta sita, mashine ya kuchapisha, na benchi la mbao nje wanakokaa wazazi wakingoja zamu. Matokeo ya KCSE, mtihani wa kidato cha nne, yakishatangazwa, benchi hilo halipoi mpaka Septemba. Watu wanakuja kuomba kozi KUCCPS, wale wanaowagawia wanafunzi nafasi za vyuo, kujaza fomu za mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, na kuchapisha barua za kujiunga. Na wengi wao, wakishalipa na kukunja karatasi zao, husogea karibu na kaunta na kuuliza kwa sauti ya chini: "Mama, ungekuwa wewe, huyu mtoto ungempeleka wapi? Ameitwa cha serikali, lakini moyo wake uko kile cha kibinafsi."

Swali hilo silijibu kwa neno moja. Natoa daftari, nachora mistari, tunaanza kuhesabu. Hapa nimeandika yale tunayoyapitia pale kaunta, kwa faida ya mzazi ambaye hataweza kufika Kaptembwo.

La kwanza kabisa: pesa za kuripoti hazijawahi kuwashinda watu wetu. Majirani watachanga, kanisa litachanga, chama cha akina mama kitatoa, mjomba wa Nairobi atatuma kwa simu. Zinazotushinda ni za mwaka wa tatu, wakati hakuna tena wa kuitisha harambee na mtoto amenyimwa kadi ya mtihani kwa deni la karo. Kwa hivyo usilinganishe vyuo kwa karo ya muhula wa kwanza. Linganisha kwa jumla ya pesa zote mpaka siku atakayovaa joho.

Saa iliyo kwenye droo yangu

Mimi nilifunzwa na kosa la nyumbani kwangu. Kifungua mimba wangu alipata C+ na roho yake yote ilikuwa kwenye unesi. KUCCPS ikampa kozi ya ualimu katika chuo cha serikali upande wa magharibi. Alilia siku mbili. Wakati huo huo chuo kimoja cha kibinafsi kilikuwa kinagawa vipeperushi mjini: unesi, nafasi zipo, shilingi 86,000 kwa muhula. Tukaitisha harambee, tukapata 143,000, nami nikaona tumevuka mto.

Hatukuuliza mwaka una mihula mingapi. Ilikuwa mitatu, si miwili. Kwa hiyo mwaka mmoja ulikuwa 258,000, kabla ya sare, bima, ada ya mtihani na nauli ya kwenda hospitalini kwa mafunzo. Wala hatukuuliza kama Baraza la Wauguzi limeikubali kozi ile. Mwaka wa pili mwalimu mmoja aliyewaonea huruma aliwaambia pembeni kwamba darasa lao halijasajiliwa na Baraza, na ambaye hajasajiliwa haketi mtihani wa leseni. Tulikuwa tumelipa mihula mitano, shilingi 430,000.

Alirudi na sanduku lake na sare nyeupe zimekunjwa vizuri. Kifuani mwa sare moja kulikuwa na ile saa ndogo ya wauguzi inayoning'inia kichwa chini, nilimnunulia mjini kwa shilingi 350. Aliitoa akanipa nimwekee. Baadaye alianza upya stashahada ya unesi katika chuo cha umma, akamaliza, na leo anafanya kazi wadi ya akina mama. Saa ile bado iko kwenye droo ya kaunta yangu. Mzazi akianza kuniambia kuhusu kipeperushi kizuri alichopewa stejini, huitoa nikaiweka mbele yake, ndipo tuzungumze.

Kozi ichunguzwe kabla ya chuo

Watu wanauliza, "Chuo hiki ni kizuri?" Swali lenye faida ni: kozi hii, katika bewa hili, inatambuliwa na nani?

Kwa digrii, anza na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE. Wana orodha ya vyuo vilivyo na chata, yaani idhini kamili, na vile ambavyo bado vinatumia idhini ya muda. Wana pia orodha ya kozi zilizokubaliwa, chuo kwa chuo. Chuo kinaweza kuwa halali kabisa na kozi moja ndani yake ikawa bado haijakubaliwa. Kwa stashahada na vyeti vya ufundi, mamlaka ni TVETA.

Kisha, kama kozi ni ya taaluma inayohitaji leseni, nenda kwenye bodi ya taaluma yenyewe. Unesi ni Baraza la Wauguzi. Udaktari na meno ni KMPDC. Famasia ni Bodi ya Dawa na Sumu. Uhandisi ni Bodi ya Wahandisi, na sheria ni Baraza la Elimu ya Sheria. Fungua tovuti ya bodi, si ya chuo. Tafuta jina la kozi lilivyoandikwa kwenye barua yako, neno kwa neno, na jina la bewa. Bewa kuu likiwa limekubaliwa haina maana kwamba tawi la ghorofa ya tatu mjini nalo limekubaliwa. Usipoliona jina, waandikie barua pepe na usilipe hata shilingi mpaka wajibu. Mimi huchapisha ukurasa wenyewe ukiwa na tarehe, mzazi akaenda nao.

Na msidhani haya yanahusu vyuo vya kibinafsi pekee. Hata vyuo vya serikali vimewahi kuwa na kozi za uhandisi ambazo Bodi ilikataa kuzitambua, na wahitimu wakateseka. Jina la serikali kwenye lango halitoshi.

Kozi ikishindwa hapa, safari ya chuo hicho imeisha. Usiendelee hata kuuliza karo.

Daftari la shosho wa sukumawiki

Sasa pesa. Tangu 2023 mwanafunzi anayepelekwa na KUCCPS katika chuo kikuu cha serikali hupimwa hali ya nyumbani kwao na kuwekwa katika bendi, kuanzia ya 1 hadi ya 5. Gharama ya kozi inagawanywa mara tatu: ufadhili wa serikali usiolipwa, mkopo wa HELB, na sehemu ya familia. Bendi ya 1, ya wenye uhitaji mkubwa, hupata ufadhili asilimia 70, mkopo 25, familia 5. Bendi ya 3 ni 50, 30 na 20. Bendi ya 5 ni 30, 30 na 40. Juu ya hayo kuna mkopo wa matumizi, 60,000 kwa mwaka kwa bendi ya 1, ukipungua hadi 40,000 kwa bendi ya 5. Mfumo huu ulipelekwa kortini, na Desemba 2024 Mahakama Kuu ikauona unakiuka katiba kabla kesi haijapelekwa kwenye rufaa, kwa hiyo thibitisha viwango vya mwaka wako kabla hujakata shauri.

Anayekwenda chuo kikuu cha kibinafsi hapati ule ufadhili. Anaweza kuomba mkopo tu. Hapo ndipo wengi wanapofunga daftari na kusema basi, cha serikali ni rahisi, kwisha maneno. Ngoja kwanza.

Alikuja shosho mmoja anayeuza sukumawiki soko la Wakulima, analea mjukuu aliyeachiwa na binti yake. Msichana alikuwa ameitwa chuo cha serikali huko Pwani, na hapa mjini kulikuwa na chuo cha kibinafsi chenye kozi ile ile, tena iliyokubaliwa, tulihakikisha. Shosho alikuwa ameshaamua Pwani. "Mwanangu," aliniambia, "mimi ni wa kuuza mboga, ya kibinafsi nitaitolea wapi?" Nikamwomba tuandike.

Kozi ya Pwani ilikuwa 240,000 kwa mwaka na wao walikuwa bendi ya 3. Ufadhili 120,000, mkopo 72,000, familia 48,000. Chumba nje ya bewa 4,000 kwa miezi tisa, 36,000. Chakula 8,000 kwa mwezi, 72,000. Nauli ya kwenda na kurudi mara mbili, 10,000. Sehemu ya familia na maisha yake: 166,000. Ukitoa mkopo wa matumizi wa 50,000, shosho alihitaji kutafuta 116,000 kila mwaka. Na msichana angekuwa anakopa 122,000 kila mwaka, jumla 488,000 kwa miaka minne, na riba ya asilimia 4.

Cha hapa mjini kilikuwa 65,000 kwa muhula, mihula miwili, 130,000. Matatu kutoka Kaptembwo hamsini kwenda, hamsini kurudi, siku 180, ni 18,000. Analala kwa shosho, anakula sufuria ile ile. Jumla 148,000 kwa mwaka, bila deni la HELB.

Shosho aliziangalia nambari zile muda mrefu, kidole chake kikiwa juu ya ile 488,000. Akauliza, "Hii nayo italipwa na nani?" Nikamwambia, na mtoto, mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, apate kazi asipate, na akikaa kimya faini ni shilingi 5,000 kila mwezi. Mkopo wa HELB ni kitu kizuri, umesomesha maelfu tangu 1995, lakini ni pesa za kurudishwa, na lazima ziandikwe kwenye safu ya gharama kama karo yenyewe.

Msichana alisomea hapa mjini. Iliwezekana kwa sababu kulikuwa na mjomba mwalimu aliyekubali kuchukua mkopo wa Sacco unaokatwa kwenye mshahara. Bila mjomba yule, 148,000 taslimu kila mwaka zingemshinda shosho, na ningemshauri Pwani, deni na yote. Pesa inayotakiwa leo na pesa itakayodaiwa baadaye ni mizigo miwili tofauti, na kila nyumba inajua ni upi inaoweza kuubeba.

Badilisha kitu kimoja tu katika hesabu ile uone. Tuseme angeitwa Egerton, chuo cha serikali hapa Njoro, kozi ya bei ile ile, akitoka nyumbani kila asubuhi kwa nauli ya mia kwenda na mia kurudi. Familia 48,000, nauli 36,000, jumla 84,000, tena mkopo wa matumizi ungewapunguzia hadi 34,000. Hapo nisingebishana na mtu: nenda Njoro.

Ndiyo maana nakataa kusikia kwamba cha serikali ni cha maskini na cha kibinafsi ni cha wenye nacho, au eti cha kibinafsi ni cha waliokosa alama. Umbali wa kitanda na sufuria huamua mengi kuliko jina la mwenye chuo. Lakini chuo cha kibinafsi cha bei ya juu, kile cha laki mbili na nusu au tatu kwa mwaka, na mtoto alale hosteli, mimi sijaona nyumba ya kipato cha Kaptembwo iliyokimaliza bila kuuza kitu. Kama lazima shamba liuzwe ndipo aanze, asianze.

Mambo mawili ya kukumbuka unapohesabu. Uliza mihula ni mingapi kwa mwaka, na uombe mchanganuo wa karo wa miaka yote, ulioandikwa kwa nembo ya chuo, si wa muhula wa kwanza pekee. Na kama unaona bendi uliyowekwa hailingani na hali yenu, kata rufaa kwenye tovuti ya ufadhili, ukiwa na ushahidi: cheti cha kifo cha mzazi, barua ya chifu, karatasi za hospitali. Wengi wananung'unika hapa kwenye benchi na hawajajaza fomu ya rufaa, na kuijaza ni kazi ya saa moja.

Muda nao ni pesa

Mwanangu wa pili alisoma chuo cha serikali, na sijutii. Lakini alikuwa nyumbani wakati wa mgomo wa wahadhiri wa 2025, ulioanza Septemba 17 na kuchukua siku 49. Alikaa nami hapa saibani akisaidia watu kujaza fomu, huku chumba chake kule chuoni tukikilipia, 4,000 kwa mwezi, kufuli limening'inia mlangoni. Kwa hiyo ukihesabu cha serikali, ongeza miezi sita ya kodi na chakula juu ya miaka minne. Isipotumika, mshukuru Mungu.

Cha kibinafsi kwa kawaida huenda kwa ratiba yake, na chenye mihula mitatu kinaweza kumaliza mapema. Ila mihula mitatu ina maana mzazi hapumui. Hakuna likizo ndefu ya kutafuta karo, wala ya mtoto kufanya kibarua.

Nenda Jumanne

Usiende siku ya maonyesho, siku ya hema na soda. Nenda Jumanne ya kawaida saa nne asubuhi. Sisi wa Nakuru tuna bahati, mtu anaweza kuona Egerton asubuhi na Kabarak, cha kibinafsi, alasiri kwa nauli ya matatu. Wa Kisumu wana Maseno barabara ya Busia, na vyuo vya Bondo na Kakamega haviko mbali.

Usiulize wa mwaka wa kwanza, bado wana furaha ya kuripoti. Mtafute wa mwaka wa tatu, mnunulie chai, umuulize maswali matatu. Alama za mitihani hupotea? Ukipoteza alama za somo moja unachukua muda gani kuzipata? Waliomaliza mwaka jana wameshapata vyeti mkononi? Majibu yake yatakuambia zaidi ya ukurasa wowote wa tovuti. Kisha omba kuona maabara au karakana ya kozi yenyewe. Nilimpeleka kijana wa jirani kuona karakana ya umeme ya chuo kimoja, tukakuta mashine mbili zimefunikwa plastiki ambayo haijawahi kutolewa. Tukarudi nyumbani. Mwishowe alikwenda kusomea stashahada ya umeme katika taasisi ya umma, ambako tulikuta wanafunzi wamezama kwenye nyaya, mikono imechafuka.

Njia hiyo ya stashahada isidharauliwe, haswa kwa mwenye C+ ya chini aliyepewa digrii asiyoitaka. Na hata kama umeshaamua cha kibinafsi, bado omba KUCCPS. Kuna dirisha la kubadilisha kozi na dirisha la kuhamia chuo kingine, na ukiwa nje ya mfumo huwezi kulitumia.

Baada ya kuamua

Harambee ikifanyika, msipeleke zote chuoni. Lipeni kinachotakiwa kuripoti, na zilizobaki ziwekwe kwenye akaunti ya Sacco kwa jina la mtoto na mzazi, ziandikwe mwaka wa tatu. Nimewaomba watu wengi wafanye hivi. Wachache waliokubali ndio ambao watoto wao sijawaona hapa katikati ya muhula wakitafuta kazi ya kufungua geti. Basari ya CDF, ule mfuko wa eneo bunge, na ya kaunti muombe kila mwaka, si mwaka wa kwanza tu, na mtunze risiti zote kwenye bahasha moja.

Na pesa zikikatika kabisa, mtoto asitoroke kimya kimya. Aandike barua ya kuahirisha masomo kwa mkuu wa kitivo, aeleze sababu, aambatishe ushahidi, aombe nakala iliyopigwa muhuri. Anayetoweka bila barua anahesabiwa ameacha masomo, na nafasi yake huenda ikapotea. Mwenye barua anarudi. Kuna kijana wa fundi magari hapa Kaptembwo aliyekatikiwa mwaka wa pili. Barua tuliiandika kwenye kompyuta ile ya pembeni, aya tatu fupi, na akaipeleka mwenyewe kwa mkono. Alifanya kazi na babake gereji mwaka mzima. Mwezi uliopita alikuja kuchapisha ratiba yake ya mitihani ya mwaka wa tatu, kucha bado zina oili.